Unahamia Ushago? Pima Intaneti Kabla ya Kulipia Mtambo

Umeamua. Kodi ya Nairobi imekuchosha, shamba la wazee liko tu pale, na bosi amekubali ufanyie kazi popote mradi kazi ifike kwa wakati. Lori la mizigo limeshapatikana. Limebaki swali moja, ambalo wengi hulikumbuka wiki ya mwisho: kule ushago tutatumia intaneti gani?

Swali hili si la starehe. Kama mshahara wako unategemea mikutano ya video, au mtoto anasoma mtandaoni, au biashara yako inapokea oda kwa WhatsApp, basi intaneti ni chombo cha kazi kama vile jembe lilivyo kwa mkulima. Mjini, Wi-Fi ikisumbua unahamia mkahawa wa jirani au unanunua bando la mtandao mwingine, siku inasonga. Mashambani unaweza kukuta mnara wa karibu ni mmoja tu, na faiba iliishia sokoni, kilomita nne kutoka bomani.

Kosa linalowagharimu watu pesa nyingi ni kununua mtambo kwanza, halafu kupima baadaye. Rafiki anakwambia yake inakimbia vizuri, unaona tangazo, unalipa, mtambo unafika, ndipo unagundua nyumba yenu iko nyuma ya kilima. Kwa hivyo shauri letu leo ni moja tu, na kila kitu kingine kwenye makala hii kinalizunguka: lipia kipimo kidogo kwanza, ndipo ulipie mtambo mkubwa. Bando la siku moja ni bei ya chai na mandazi. Mtambo usiofaa unaweza kukugharimu kodi ya miezi kadhaa.

Twende hatua kwa hatua.

Anza na matumizi yako, si na spidi

Matangazo yote yanazungumzia spidi. Lakini kabla ya spidi, jua unatumia nini. Chukua karatasi uandike nani nyumbani anafanya nini na kwa saa ngapi.

Mkutano wa video wa watu wengi kwenye Zoom, wenye picha safi, huhitaji takriban Mbps 2 hadi 4. Zingatia kwamba spidi hiyo inahitajika pande zote mbili: kupakua, yaani kinachokuja kwako, na kupakia, yaani kinachotoka kwako. Watu wengi hupima kupakua peke yake, wanaona Mbps 20, wanafurahi. Kisha mkutano unaanza na wenzao wanawaambia, "Hatukusikii, umekwama." Kupakia ndiko kulikuwa kudogo.

Upande wa data, mkutano wa video wa saa moja unaweza kula kama GB 1. Ukiwa na mikutano miwili ya saa moja kila siku ya kazi, kwa siku 22 za mwezi hiyo ni kama GB 44, kabla hujafungua hata barua pepe. Filamu ya HD kwenye Netflix inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Watoto wakitazama filamu moja ya saa mbili kila Jumamosi na Jumapili, unaongeza kama GB 48 hivi kwa mwezi. Ukipunguza ubora wa picha, matumizi hayo yanashuka sana, na kwenye skrini ya simu hutaona tofauti kubwa.

Sasa una namba yako. Kama ni GB 20 kwa mwezi, huenda huhitaji mtambo wowote, simu yako na bando zuri vinatosha. Kama ni GB 150, bando za kawaida zitakumaliza, na ni heri utafute kifurushi cha nyumbani.

Njia nne zilizopo mashambani

*Faiba.* Hii ndiyo imara zaidi ikiwa inafika kwako. Haisumbuliwi sana na mvua, spidi haibadilikibadiliki, na bei kwa kila GB huwa nzuri. Tatizo ni kufika. Serikali ilijenga mkongo wa taifa uitwao NOFBI kufikia kaunti, na kampuni nazo zimevuta nyaya zao, nyingine juu ya nguzo za stima. Lakini waya kupita barabarani mbele ya boma lenu hakumaanishi unaweza kuunganishwa. Ni kama ile laini kubwa ya stima inayopita juu ya shamba na kijiji chenyewe bado kinawasha koroboi: inabeba nguvu kwenda mbali, si ya kugawa hapo. Uliza kampuni swali moja la moja kwa moja: "Nikilipa leo, mtaniunganisha hapa, kwenye boma hili, na baada ya siku ngapi?" Jibu la "tunakuja huko hivi karibuni" lihesabu kama hapana.

*Mtandao wa simu, 4G au 5G.* Hapa unatumia laini ya simu ndani ya rauta ya nyumbani. Safaricom ilianza kuuza intaneti ya 5G kwa wateja Oktoba 2022, na Airtel ikafuata Julai 2023, lakini huko ndani kabisa mashambani utakutana zaidi na 4G, na sehemu nyingine 3G. Mawimbi ya masafa ya chini, kama MHz 700 na MHz 800, husafiri mbali na kupenya kuta vizuri kuliko yale ya juu. Faiba 4G ya Jamii Telecommunications, kwa mfano, ilianza mwaka 2017 ikitumia MHz 700. Jina lisikuchanganye: hiyo ni intaneti ya laini ya simu, si waya wa faiba. Na kabla hujanunua laini yoyote, hakikisha simu au rauta yako inakubali masafa ya mtandao huo. Kifaa cha zamani kinaweza kukosa mtandao hata ukiwa chini ya mnara.

*Wi-Fi ya kurushwa.* Miji midogo mingi ina watoa huduma wadogo wanaochukua faiba mjini, wanaweka antena kwenye mlingoti au jengo refu, na kukurushia intaneti hadi kwenye antena iliyo juu ya paa lako. Huwa nafuu, na fundi anaishi karibu. Masharti ni mawili. Kwanza, antena yako lazima "ione" antena yao bila kilima wala msitu kati yenu. Pili, mwenye biashara awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, CA. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya CA. Asiye na leseni anaweza kufungiwa kesho, na pesa yako ya miezi mitatu uliyolipa mbele ikapotea naye.

*Setelaiti.* Starlink ilifungua huduma Kenya Julai 2023, na kwa watu wengi wa mashambani ikawa mara ya kwanza kupata intaneti ya kasi bila kutegemea mnara. Setelaiti zake huzunguka kama kilomita 550 juu ya dunia. Zile za zamani zinazokaa sehemu moja angani ziko karibu kilomita 36,000. Umbali huo ndio unaoleta tofauti kwenye mikutano: kwa setelaiti za zamani, ukisema "hello" kuna kimya kabla mwenzako hajajibu, mnaanza kukatizana maneno. Kwa zile za chini huoni kuchelewa huko.

Lakini setelaiti nayo ina mipaka. Dishi linahitaji anga wazi. Mikaratusi iliyozunguka boma, ile ambayo mzee aliipanda ya kuuza nguzo, inaweza kukukatiza kila baada ya dakika chache. Programu ya Starlink kwenye simu inakuonyesha vizuizi kabla hujanunua, unaielekeza angani tu. Mvua kubwa pia hupunguza mawimbi, kwa hivyo mtu wa Kericho ajiandae kwa mchana wenye kukatika kidogo. Tena, setelaiti hujaa kama mnara unavyojaa. Mwishoni mwa 2024 Starlink ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti kadhaa jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa, kisha ikafungua tena mwaka 2025. Kwa hivyo weka anwani ya ushago kwenye tovuti yao uone kama nafasi ipo, usitegemee habari za binamu aliye kaunti nyingine.

Kupima: wiki moja, laini mbili, bando dogo

Hii ndiyo sehemu muhimu zaidi. Kabla ya kuhama, nenda ushago angalau wikendi moja, na ikiwezekana wiki nzima. Kama huwezi, mwombe ndugu au jirani aliye kule akufanyie. Mtumie pesa ya bando na umweleze hatua hizi.

Kwanza, tafuta laini za mitandao miwili au mitatu tofauti. Uliza majirani wanatumia gani, lakini usiishie hapo. Jirani aliye ng'ambo ya mto anaweza kuwa na 4G safi, na nyinyi hamna. Nunua bando la siku la kila laini.

Pili, pima mahali utakapofanyia kazi kabisa, siyo nje uwanjani. Nyumba zetu nyingi zimeezekwa mabati, na mabati huzuia mawimbi. Unaweza kuwa na mtandao mzuri chini ya mwembe na karibu sifuri chumbani. Pima ndani, pima dirishani, kisha pima upande wa nyumba unaotazama mnara.

Tatu, pima mara tatu kwa siku: saa mbili asubuhi, saa nane mchana, na saa mbili usiku. Usiku ndipo kila mtu amerudi nyumbani yuko TikTok na mnara unalemewa. Fungua fast.com au programu ya Speedtest, andika kupakua na kupakia. Ukiwa na simu ya Android, kwenye mipangilio, sehemu ya hali ya laini, utaona nguvu ya mawimbi kwa dBm. Namba hiyo huwa na alama ya kutoa. Ikiwa karibu na -80 uko vizuri, ikiwa -110 au zaidi ya hapo, mawimbi ni dhaifu.

Nne, piga simu ya video halisi ya nusu saa. Kipimo cha spidi huchukua sekunde chache tu, hakikuonyeshi kukatika kwa dakika ya kumi na saba. Mpigie mtu anayeweza kukwambia ukweli, uwashe kamera, mzungumze.

Tano, fikiria Desemba. Minara mingi ya mashambani inahudumia watu wachache mwaka mzima, halafu Krismasi inafika, nusu ya Nairobi inarudi nyumbani, na 4G inatambaa. Kama kazi yako haina likizo ya Desemba, panga mapema njia ya pili kwa wiki hizo.

Matokeo yakiwa mazuri nje lakini mabaya ndani, usikate tamaa. Rauta yenye matundu ya antena ya nje, na antena moja juu ya paa iliyoelekezwa kwenye mnara, inaweza kubadilisha mambo kabisa. Ila jihadhari na vile vifaa vya kukuza mawimbi vinavyouzwa kiholela mitandaoni. Kifaa cha namna hiyo lazima kiwe kimeidhinishwa na CA, kwa sababu kisichofaa kinaweza kuvuruga mtandao wa kijiji kizima.

Gharama ambayo tangazo halitaji: stima

Mtu wa mjini hajazoea kuuliza mtambo unakula stima kiasi gani. Mashambani ni lazima uulize.

Hesabu yake ni rahisi: wati mara saa, gawa kwa 1,000, unapata yuniti. Rauta ya 4G ya wati 10 hivi, ikiwaka saa 24, inakula yuniti 0.24 kwa siku, kama 7 kwa mwezi. Dishi la kawaida la setelaiti hutumia kati ya wati 75 na 100. Chukua 75: hiyo ni yuniti 1.8 kwa siku, sawa na 54 kwa mwezi. Dishi dogo, la wati 25 hadi 40, ni kati ya yuniti 18 na 29 kwa mwezi.

Sasa angalia hapa. Kenya Power ina bei nafuu kwa nyumba zinazotumia chini ya yuniti 30 kwa mwezi. Boma nyingi za mashambani zenye taa, redio na kuchaji simu ziko ndani ya kundi hilo. Ukiingiza mtambo wa yuniti 54, hulipii hizo 54 peke yake. Unaweza pia kuhamishwa kwenye bei ya juu zaidi, na zile yuniti za taa za mama nazo zikapanda. Kwa hivyo kama mnatumia mita moja na wazazi, kaeni chini mzungumze nani atanunua tokeni kabla mzee hajauliza kwa nini zinaisha haraka siku hizi.

Dawa nafuu ni kuzima mtambo usiku. Dishi la wati 75 likiwaka saa 10 kwa siku badala ya 24 linashuka hadi yuniti 22 au 23 kwa mwezi.

Halafu kuna siku stima inapotea kabisa. Agosti 2023 nchi karibu nzima iliingia gizani usiku mmoja, lakini huko mashambani huhitaji tukio kubwa namna hiyo, transfoma moja ikiungua mnakaa siku kadhaa. Kwa rauta ya wati 10, betri ndogo maalum ya rauta hukutoshea saa kadhaa. Kwa dishi la wati 75 unahitaji kitu kizito: betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina takriban wati-saa 1,200, na kama ni ya asidi ni vizuri utumie nusu tu ili isife mapema. Nusu hiyo, ukitoa zinazopotea kwenye inveta, inakupa saa sita au saba. Kama nyumbani tayari kuna sola, mwambie fundi wa sola wati za mtambo kabla ya kununua, asije akakuta paneli zilizopo hazitoshi.

Kwa watu wa Kisii na Kakamega, na kote kwenye radi nyingi, ongeza sheria moja: mawingu yakikusanyika, chomoa kila kitu ukutani. Radi huweza kupitia waya wa stima au wa antena ikaua rauta na kompyuta kwa pigo moja.

Linganisha kwa miezi 24, si kwa bei ya mwezi

Ukishajua njia zinazofanya kazi kwako, zilinganishe kwa kipimo kimoja. Chukua bei ya mtambo na ufungaji, jumlisha ada ya miezi 24, jumlisha stima ya miezi 24, kisha gawa kwa 24. Hapo una bei ya kweli ya kila mwezi.

Mfano wa hesabu tu, weka bei zako mwenyewe. Tuseme yuniti moja ni KSh 25, na vifurushi viwili vyote ni KSh 4,000 kwa mwezi.

- Rauta ya 4G: mtambo KSh 5,000, ada KSh 96,000, stima (yuniti 7 kwa mwezi) KSh 4,200. Jumla KSh 105,200, sawa na kama KSh 4,383 kwa mwezi.
- Dishi la setelaiti: mtambo KSh 30,000, ada KSh 96,000, stima (yuniti 54 kwa mwezi) KSh 32,400. Jumla KSh 158,400, sawa na KSh 6,600 kwa mwezi.

Vifurushi vyenye bei sawa kwenye tangazo vimeachana kwa zaidi ya KSh 2,200 kila mwezi. Je, hii inamaanisha dishi ni baya? Hapana. Kama 4G yenu inakatika mara tatu kwa mkutano, hiyo KSh 2,200 ni bei ndogo ya kulinda mshahara. Lakini kama kipimo kilionyesha 4G iko sawa asubuhi, mchana na usiku, unalipia nini zaidi?

Pia soma neno "bila kikomo" kwa makini. Vifurushi vingi vya aina hiyo vina kiwango, ukikipita spidi inashushwa hadi mwezi uishe. Uliza: kiwango ni GB ngapi, na baada yake spidi inakuwa ngapi? Linganisha na ile namba uliyoiandika mwanzoni.

Na usisahau njia ya pili. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ikawa ya kusuasua nchini kwa siku kadhaa. Huhitaji mitambo miwili. Laini ya mtandao mwingine kwenye simu, yenye bando dogo la dharura, inatosha kumaliza mkutano au kumwandikia bosi kwamba uko njiani.

Kulipa bila kuliwa

Hapa ndipo tunawaona wateja wakiumia zaidi, na ni mahali ambapo unaweza kujilinda kabisa.

Watu wanaohama ni windo zuri kwa wajanja. Uko mbali, una haraka, na mtu kwenye kikundi cha Facebook cha kijiji anasema yeye ni wakala wa kampuni ya intaneti, nafasi zimebaki tano, tuma KSh 3,000 ya kujiandikisha kwa namba hii. Unatuma. Kesho namba imezimwa.

Shika haya:

Lipia huduma kwa Paybill au Till ya kampuni, uliyoipata kwenye tovuti au programu yao rasmi. Usiitoe kwenye ujumbe uliotumiwa. Namba ya simu ya mtu si akaunti ya kampuni, hata kama amevaa fulana yake.

Jina likitokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN, lisome. Ulikusudia kulipa kampuni na limetokea jina la mtu binafsi? Ghairi hapo hapo. Sekunde hizo tatu ndizo zinazookoa pesa.

Kwenye Paybill, namba ya akaunti ni muhimu kama kiasi chenyewe. Ukikosea tarakimu moja unaweza kumlipia mtu mwingine intaneti ya mwezi mzima. Ukishalipa mara ya kwanza vizuri, hifadhi Paybill na namba ya akaunti kwenye simu ili usiandike upya kila mwezi.

Tenganisha pesa ya mtambo na pesa ya fundi. Mtambo unalipia kampuni au duka, unapata risiti. Fundi wa kupanda kwenye paa unamlipa yeye, sehemu akifika na iliyobaki akimaliza na wewe mwenyewe ukiwa umepima spidi ukiwa ndani ya nyumba.

Usilipe miezi sita mbele mwanzoni, hata ukipewa punguzo. Lipa mwezi mmoja, uishi nao, upite wikendi na siku ya mvua. Punguzo litakuwepo pia mwezi wa pili.

Weka SMS za malipo. Ukilalamika kwamba umelipa na hujaunganishwa, ile kodi ya muamala, zile herufi na tarakimu za mwanzo wa ujumbe, ndiyo ushahidi wako. Ukituma kimakosa, omba kurudishiwa mara moja kupitia mtoa huduma wako wa pesa kwa simu, kwa sababu pesa ikishatolewa na aliyeipokea, kuirudisha inakuwa vita. Na PIN yako haihitajiki na mtu yeyote: si fundi, si wakala, wala sisi.

Kwa ufupi

1. Andika matumizi yenu ya mwezi kwa GB, na saa za mikutano ya video.
2. Uliza kama faiba inafika kwenye boma lenyewe, siyo kwenye eneo.
3. Pima laini mbili au tatu kwa bando la siku, ndani ya nyumba, asubuhi, mchana na usiku.
4. Kagua anga kwa programu ya simu kabla ya kufikiria setelaiti.
5. Hesabu stima, na uzungumze na wenye mita.
6. Gawanya gharama yote kwa miezi 24.
7. Lipa kwa akaunti rasmi, soma jina, anza na mwezi mmoja.

Hatua hizi zinaweza kukuchukua wiki moja na shilingi mia chache za bando. Ukimaliza, utajua kwa hakika kitu ambacho hakuna tangazo linaweza kukuambia: kwenye boma lenu, kwenye kile kiti utakachokalia Jumatatu asubuhi, mtandao gani unafanya kazi. Kama una jamaa anayepanga kuhama mwaka huu, mtumie makala hii kabla hajalipia chochote. Safari njema, na msalimie shosho.